Kufungiwa Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Shemeji yangu alinidanganya. Naanza na hilo ili ijulikane mapema kwamba sina nia ya kumsifia. Aliniambia twende mimi na mke wangu kwenye loji anakofanya kazi, pale juu Karatu, tunywe chai na kujaribu mchezo mpya kabla wageni wa Juni hawajajaa. Hakuniambia kwamba mama yake naye kaalikwa. Nilipomwona mama mkwe wangu akitokea upande wa jikoni, khanga kaifunga juu ya sweta, binti yangu kamshika mkono, nikajua nimeingizwa mjini mchana kweupe.

Mimi ni Mmasai wa Soitsambu, afisa mifugo wa kata, mtu wa pikipiki na kisanduku cha barafu cha chanjo. Mke wangu ni Mwiraqw wa Endabash, mwalimu wa shule ya msingi huko huko kwetu. Kwao wanalima mahindi na mbaazi, na wana ng'ombe wachache wanaojulikana na kijiji kizima. Babu yake mama mkwe aliporwa ng'ombe na watu wa kwetu enzi za mapigano, na mama huyu huisimulia habari hiyo kama vile ilitokea Alhamisi iliyopita na mimi nilikuwa nashika fimbo.

Sasa, kwetu mwanaume hamzoei mama mkwe. Hamtazami usoni, hakai naye kwenye benchi moja, hali chakula mbele yake, wala haingii chumba alimo mlango ukafungwa. Ukikutana naye njiani unapisha. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na nimelelewa nayo mpaka imeingia kwenye mifupa. Nilipooa nilimpelekea kondoo jike mzuri, kwa sababu ukishampa mkwe kondoo mnaanza kuitana kwa jina la huyo kondoo, Paker, na hakuna anayelitaja jina la mwenzake tena. Mama mkwe alimpokea kondoo, akamchinja Jumapili ile ile, na mpaka leo ananiita "yule bwana".

Binti yangu huyo ndiye aliyenifanya nikubali safari ya Karatu: chai ikiisha, mke wangu angekwenda Endabash kumchukua. Alikuwa na miaka saba mke wangu alipopata ujauzito wa tabu, akalazwa wiki nyingi, na mtoto akaachwa Endabash kwa bibi yake kwa muhula mmoja. Muhula mmoja ukazaa miaka mitatu. Kila likizo nilipotaka arudi nyumbani, lilipatikana neno: amalize mtihani kwanza, mvua imekata barabara, ana kikohozi, kwaya inamhitaji. Na mimi, kwa kuwa siwezi kusimama mbele ya mama mkwe nikasema naye, nilikuwa natuma maneno. Namwambia mke wangu, mke wangu anampigia kaka yake, kaka yake anamwambia mama, na neno langu linafika Endabash limepoa kama ugali wa jana. Mara moja nilimtuma hata mchungaji. Alirudi na debe la mbaazi na salamu.

Safari hii niliapa. Nilikuwa nimeshamtafutia nafasi darasa la nne shule ya karibu na kwetu. Binti yangu alikuwa na mdogo wake aliyemjua kwa picha za simu tu. Nilimwambia mke wangu kwamba nikirudi Soitsambu bila mtoto, basi nisihesabiwe kuwa baba.

Basi ndio tukakutana pale, kwenye ukungu na baridi ya asubuhi. Nikasema "Shikamoo mama" nikiwa naangalia maua. Mama mkwe akaitikia marahaba akiwa anaangalia gari la loji. Binti yangu alinipa mkono kama mtoto wa shule anayempokea mkaguzi, halafu akakumbuka salamu ya watoto wa kwetu, akainamisha kichwa nikamgusa. Alikuwa amerefuka.

"Shemeji, usinune bwana," shemeji yangu akaniambia pembeni. "Ni gemu tu. Familia nzima inafungiwa, inafumbua mafumbo, inatoka imependana. Kule melini nimeona watu waliotaka kuachana wanatoka wameshikana mikono."

Melini ni huko alikofanya kazi ya kutandika vitanda miaka miwili, kwenye meli ya watalii inayozunguka bahari za watu. Alirudi na koti moja zuri na hadithi ya chumba cha kufungia watu kwa mchezo. Akamganda mwenye loji mpaka akapewa stoo ya zamani ya viazi, na sasa alijiita meneja wa burudani.

"Na mama?" nikamuuliza.

"Mama hajawahi kuona gemu. Na wewe unataka kuongea naye, si ndiyo? Humo ndani hakuna pa kukimbilia."

Nilitaka kuwasha pikipiki. Mke wangu akanishika mkono wa koti, akasema kwa sauti ya chini, sauti anayotumia darasani kabla ya fimbo, "Ukiondoka leo, usinitume tena kwa mama yangu. Sitakwenda." Nikaingia.

Mlango ukafungwa nyuma yetu kwa ufunguo, na mimi nikasimama kwenye kona, uso ukutani, mgongo kwa mama mkwe. Ndivyo nilivyoanza mchezo.

Chumba chenyewe kilinitia hasira peke yake. Shemeji alikuwa amekifanya nyumba ya laiboni, mwaguzi wetu, kwa kadiri mtu aliyekulia kwenye mbaazi anavyomdhania laiboni. Fuvu la nyati juu ya kitanda. Mkuki uliofungwa shanga kama binti wa harusi. Usinga wa plastiki. Kutoka kwenye spika darini sauti ya shemeji ilitangaza kwamba mzee kafa na siri ya mvua, na tuna dakika sitini kabla laana haijashuka.

"Laiboni gani analala chini ya fuvu la nyati?" nikauambia ukuta.

"Wazungu wanapenda, shemeji," spika ikajibu. Kumbe alikuwa anatuona kwa kamera.

Fumbo la kwanza binti yangu alilimaliza kabla sijaacha kulalamika. Kadi ilisema mzee huficha siri penye maziwa, naye akatia mkono ndani ya kibuyu, akatoa kifunguo kidogo. Kifunguo kilifungua kabati. Ndani ya kabati palikuwa na sanduku lenye kufuli la namba mbili, na juu ya kabati zizi dogo la vijiti lililojaa ng'ombe wa mbao, kazi ya wachongaji wa Mto wa Mbu. Kadi ya pili ikasema: *Ng'ombe wote wa mzee wangapi? Hesabu, sanduku litafunguka.*

Ikabidi nigeuze shingo kidogo nione. Binti yangu alikuwa ameshanyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu..."

"Usihesabu!" nikapaza sauti.

Mtoto akashtuka, mkono ukabaki hewani. Najua ni ng'ombe wa mbao. Lakini kwetu hunyooshei ng'ombe kidole ukawahesabu, wala watoto. Ukiwahesabu umewaita wapungue. Mimi mwenyewe serikali inanitaka idadi ya mifugo niliyochanja, na miaka yote hii nahesabu chupa tupu za chanjo, naandika, nafunga daftari. Ng'ombe sijawahi kuwahesabu hata mmoja. Ninawajua.

"Mmeona?" Mama mkwe hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na mke wangu. "Hata hesabu mtoto anakatazwa. Huko ndiko yule bwana anakotaka kumpeleka. Atarudi hajui moja na moja."

"Mwambie mama yako," nikamwambia mke wangu, "mtoto huyu alizaliwa kwetu. Kurudi ni kwetu, si kwake."

"Mwambie mumeo, aliyezaa si lazima awe aliyelea."

"Mwambie mama yako..."

"Mimi si simu," mke wangu akasema. Akaenda akaketi kwenye kile kitanda, chini ya fuvu, akafunika uso kwa mtandio. "Miaka mitatu nabeba maneno yenu. Leo yabebeni wenyewe."

Mama mkwe akasogea kabatini na kuanza kuhesabu mwenyewe, kwa sauti, kidole kikigonga kila pembe, taratibu, ili kila namba iniingie mgongoni. Kumi na saba. Akaweka kumi na saba kwenye kufuli. Halikufunguka. Akahesabu tena, kwa nguvu zaidi. Kumi na saba. Halikufunguka.

"Dakika ishirini na tano," spika ikasema.

Nilikuwa nimewaona wale ng'ombe kwa jicho moja tu, lakini jicho moja linatosha. Kulikuwa na mmoja wa madoa, kiwele kimejaa, shingo kaigeuza nyuma kama ng'ombe anavyofanya akilamba ndama. Na pale nyuma yake hapakuwa na kitu. Mchongaji hawezi kumgeuza ng'ombe shingo bure, shemeji ndiye aliyemwondoa ndama akamficha.

Mke wangu hakuwa simu tena. Nikamwita binti yangu.

"Mwambie bibi yako, yule wa madoa anamlamba nani? Ndama wake yuko humu chumbani. Mtafuteni."

Binti yangu akainama, akapekua chini ya ngozi ya mbuzi iliyotandikwa sakafuni, akainuka na ndama wa mbao mdogo kama kidole gumba. Nilifurahi mno, nakiri. Nilifurahi kwa ubaya.

"Mwambie bibi yako," nikasema, "kuhesabu kwake hakuoni ndama aliyepotea. Mtu wa mahindi ni mtu wa mahindi tu."

Binti yangu akamgeukia mama mkwe aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu, na ambaye alikuwa ameyasikia yote. Akasema, "Bibi, baba anasema umehesabu vizuri sana. Ni huyu mmoja tu alikuwa amejificha."

Nilidhani hakunisikia. Mama mkwe akaweka kumi na nane, kufuli likaachia, na kabla hajafungua sanduku akajibu, macho yake nadhani kwenye mgongo wangu.

"Mwambie baba yako, kwetu mwanaume anayesema na ukuta ni mlevi au mwizi. Na kwao walikuwa wezi."

"Baba," binti yangu akasema, sauti nyororo, bila hata kupumua katikati, "bibi anauliza kama umechoka kusimama. Anasema ukae."

Hakuwa amekosea. Alikuwa amezoea. Lilimtoka jepesi, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku, na papo hapo nikazikumbuka zile simu alizonipigia kila Jumapili. "Bibi anakusalimu sana baba, anasema asante kwa nyama." "Bibi anasema unafanya kazi ngumu." Miaka mitatu nilikuwa nakula maneno matamu yaliyopikwa na mtoto, nikidhani huyo bibi anaanza kulegea. Na huko Endabash bila shaka yeye naye alikuwa akila ya kwake. Niliona aibu. Nilikuwa nimempa mtoto wa miaka kumi kazi ambayo mimi mwenyewe niliikimbia, na iliyomshinda hata mchungaji.

Nikageuka.

Naandika neno hilo kwa wepesi, lakini kuigeuza shingo yangu siku ile ilikuwa kazi. Mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yangu, nilimwona mama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza, mlango umefungwa, hatua mbili. Ana macho ya mke wangu. Sikuwa nimejua.

"Mama," nikasema, "namtaka mwanangu. Nimekuja kumchukua."

Alikuwa ameshafungua sanduku. Ufunguo wa mlango ulikuwa kiganjani mwake. Akaufumba ndani ya ngumi.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu nakaa nasubiri mdomo huo ufunguke. Unatuma watu. Binti yangu, mwanangu, mara mchungaji, mchungaji amuombee nani? Kwetu mwenye mtoto anakuja mwenyewe. Anakaa, anapewa maji, anasema nimemfuata mwanangu. Ungekuja ule mwaka wa kwanza ningekupa, na kuku juu."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Uliniheshimu kwa mgongo. Naujua mgongo wako kuliko sura yako."

"Mama, mila yao ulikuwa unaijua," mke wangu akasema kutoka kitandani. "Nilikueleza mimi mwenyewe."

"Nilielezwa. Na mimi nina yangu. Nani alikuja kuniuliza yangu?"

Sijui kama alikuwa anasema kweli kuhusu kunipa mtoto. Mpaka leo nashuku kwamba alisema vile ili kuniumiza, na naomba iwe hivyo, kwa sababu ikiwa kweli basi ile miaka mitatu niliipoteza mwenyewe, kwa adabu.

"Mama!" spika ikaita. "Ufunguo si huo mkononi? Fungueni, mmeshinda!"

"Nyamaza wewe!" mama mkwe akaiambia dari. Kisha akanirudia. "Hatutoki mpaka liishe. Unamtaka, muulize. Huyu si gunia, ana mdomo. Muulize anataka kukaa wapi, kwako au kwangu."

Tukamgeukia wote wawili. Alikuwa anawapanga ng'ombe zizini. Nilikuwa na hakika atasema kwa baba. Mama mkwe naye, ukimwona alivyoinua kidevu, alikuwa na hakika yake.

"Mimi nataka bweni," binti yangu akasema.

"Bweni?" Tulisema pamoja, mimi na mama mkwe, kwa sauti moja. Ndilo neno la kwanza tulilowahi kukubaliana.

"Darasa la tano wanachukua. Ile shule ya upande wa Mbulu. Mwalimu alinipa fomu." Hakuwa analia. Alikuwa anatupa taarifa. "Inatakiwa sahihi ya mzazi tu. Ninayo tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka!" mama mkwe akasema. "Unalala kitanda kimoja na mimi, hukusema?"

"Mbona hukuniambia kwenye simu?" nikauliza mimi.

Akatutazama, mmoja kisha mwingine, kama anayeangalia kote kabla ya kuvuka lami.

"Ningemwambia nani kwanza?"

Mke wangu alikuwa amevua mtandio, analia bila sauti, na hakumtazama mama yake wala mimi. Binti yangu akaenda kwa bibi yake, akamfungua vidole kimoja kimoja, akachukua ufunguo, akafungua mlango mwenyewe.

Nje shemeji alikuwa anatusubiri na simu tayari kwa picha, na ubao umeandikwa TUMETOKA. Akatupanga. Picha hiyo ninayo: watu watatu wazima wenye nyuso za matangani, na katikati yao mtoto aliyeshika ubao sawasawa, anatabasamu, kwa sababu mjomba wake alimwomba atabasamu.

Nilitia sahihi fomu jioni ile kwenye meza ya loji. Nilimchukia mama mkwe wakati naandika, nilimchukia shemeji na meli yake, na nilijichukia mimi kuliko wote. Mama mkwe aliweka jina lake chini ya langu penye nafasi ya ndugu wa karibu, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Januari tulimpeleka. Nilimbebea tranka mimi, bibi yake alimbebea godoro, na tulitembea pande mbili za barabara. Tumerudi kwenye desturi zetu: mimi simtazami, yeye ananiita yule bwana. Mzee wangu kule nyumbani hajui kwamba nilifungiwa chumba kimoja na mkwe wangu, wala sitamwambia.

Mwezi wa pili ilikuja barua. Bahasha moja, jina langu na la bibi yake juu yake, yamepangwa mstari mmoja asiwepo wa juu wala wa chini. Amezoea, anaandika. Chakula kizuri. Anacheza netiboli. Na siku ya kutembelea wanafunzi, anaomba, tafadhali sana, tusije pamoja. Tuje kwa zamu, muhula mmoja mmoja.

Muhula huu ni zamu ya bibi yake.